Mfungwa Akitoka, Anatoka na Nini?

Kila inaposikika kwamba wafungwa wamepewa magodoro, maktaba au ruhusa ya kuonana na watoto wao, huulizwa swali lile lile: na yule waliyemuumiza, yeye amepewa nini? Ni swali la haki. Mtu aliyeporwa na kujeruhiwa mara nyingi hujilipia matibabu, huacha shughuli zake kwenda kutoa ushahidi, na kesi ikishakwisha hakuna anayerudi kumuuliza anaendeleaje. Akisikia kwamba aliyempora anasomeshwa kwa fedha za walipa kodi, ana kila sababu ya kuona uchungu. Ninachokataa ni dhana kwamba uchungu huo utapungua mfungwa akilala sakafuni. Mwathirika ahudumiwe kwa sababu anastahili, na wala hatahudumiwa vizuri zaidi kwa kufunga darasa la gerezani.

Mimi naamini wafungwa wanapaswa kusoma, kufanya kazi yenye maana, kutembelewa na ndugu zao, na kuona njia ya kupunguziwa kifungo kwa juhudi zao wenyewe. Naamini hivyo kwa sababu ya mfungwa, maana bado ni binadamu, lakini zaidi kwa sababu ya mtu atakayekaa naye nyumba jirani siku akitoka.

Hakimu anapotamka miaka mitano, anachomnyang'anya mtu ni uhuru. Hatamki kwamba apigwe, augue bila dawa, au mama yake akatazwe kumwona. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa kwanza mwaka 1955, kisha zikafanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinasema wazi katika kanuni ya 3 kwamba kumtenga mtu na dunia kwa kumnyima uhuru ni mateso tosha, na gereza halipaswi kuyaongeza. Kanuni ya 4 inaeleza shabaha ya kifungo: kuilinda jamii na kupunguza kurudia makosa. Halafu inaongeza jambo ambalo wapenda ukali hulipita haraka, kwamba shabaha hiyo hufikiwa tu ikiwa muda wa kifungo unatumika kumwandaa mtu aweze kuishi kwa kufuata sheria na kujitegemea atakapotoka.

Na atatoka. Wafungwa walio wengi kabisa watatoka, wapende majirani wasipende.

Marekani ni nchi ambayo imejaribu ukali kwa miaka mingi, ikafunga watu wengi na kwa vifungo virefu. Takwimu za serikali yake zilifuatilia wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30: ndani ya miaka 3 asilimia 68 walikuwa wamekamatwa tena, na ndani ya miaka 9 walifika asilimia 83. Kama gereza kali lingekuwa linafundisha adabu, hesabu isingekuwa hiyo. Huko huko ulibuniwa mpango wa kuwapeleka vijana watukutu gerezani watishwe na wafungwa, waone yatakayowapata. Ulipopimwa kwa majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu, ilionekana vijana waliotishwa walifanya makosa zaidi kuliko wenzao walioachwa bila kupelekwa. Hofu ya siku moja haimpi kijana cha kufanya kesho yake.

Elimu inampa. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya RAND ilikusanya tafiti nyingi kuhusu elimu ya gerezani, ikakuta kwamba waliosoma wakiwa ndani walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 43, wa kurudia makosa, na kwamba kila dola moja iliyotumika iliokoa dola 4 hadi 5 za gharama ya kuwafunga upya. Kuna watakaosema kwamba waliojiandikisha ni wale waliokwisha kukata shauri kubadilika. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mtu aliyekwisha kukata shauri kisha akakosa kitabu, mwalimu na cherehani, tunategemea afike wapi na shauri lake? Sheria ya mwaka 1994 iliwafutia wafungwa wa Marekani ruzuku ya serikali ya masomo ya chuo, na haikurudishwa kikamilifu hadi Julai 2023. Karibu miaka 30 ikapotea hivyo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba kumsomesha mfungwa hakumletei mwanasiasa kura.

Brazil ilichukua njia inayonifurahisha. Mfungwa anasoma kitabu, anaandika maelezo yake kuthibitisha kwamba amekisoma na kukielewa, na anapunguziwa siku 4 za kifungo. Kwa mwaka anaweza kusoma vitabu 12, yaani siku 48. Hakuna anayemzawadia uhuru huo, anautolea jasho ukurasa kwa ukurasa.

Hata hivyo, tunaposema tu kwamba wafungwa wapewe nafuu, tunachanganya mambo mawili yaliyo mbali mbali. Ipo nafuu inayomjenga mtu na ipo nafuu inayonunuliwa. Mfungwa mwenye fedha anayepata chumba chake, chakula chake, simu yake na wafungwa wenzake wa kumfulia nguo, huku maskini wakilala kwa kubanana, hana anachojifunza ila kwamba sheria ina bei. Mwaka 1991 Pablo Escobar, mfanyabiashara mkubwa wa dawa za kulevya, alijisalimisha kwa serikali ya Colombia kwa masharti kwamba afungwe katika gereza lililojengwa kwa matakwa yake, La Catedral, akilindwa na watu aliowakubali mwenyewe. Aliendelea kuendesha biashara yake humo humo, na Julai 1992 serikali ilipotaka kumhamisha akatoroka. Hayo ndiyo mapendeleo ninayoyapinga kwa nguvu zangu zote, na naomba wanaopinga darasa la useremala wasiliweke katika kapu moja nayo.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Nafuu inayotolewa kwa hiari ya mkubwa wa gereza huweza kugeuka fimbo. Katika gereza la kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, wafungwa waligawanywa kwa madaraja, na Mandela alipofika aliwekwa daraja la chini kabisa, D: barua moja na mgeni mmoja kila baada ya miezi sita. Ruhusa ya kusoma ilihesabiwa upendeleo, kwa hiyo ilipogundulika kwamba aliandika kumbukumbu za maisha yake kwa siri, alifutiwa masomo kwa miaka minne. Yeye alikuwa mfungwa wa kisiasa, lakini utaratibu wa namna hiyo unaweza kumkuta hata mwizi wa kuku. Ndiyo maana nataka mambo ya msingi yatoke mikononi mwa askari. Barua, kutembelewa, matibabu na darasa viwe haki zilizoandikwa, zisizofutwa kwa sababu mfungwa alijibu vibaya asubuhi. Vya kuongezea, kama televisheni au muda zaidi wa michezo, hivyo ndivyo vitumike kumtuza mwenye mwenendo mzuri.

Kutembelewa nakutilia mkazo. Mwanamume akikaa miaka minane bila kumwona mtoto wake, siku ya kutoka ana nyumba gani ya kurudi? Wanaomsubiri langoni ni wale aliokuwa nao ndani, na hao wana kazi tayari ya kumpa. Familia iliyomtembelea ndiyo pekee inayoweza kushindana nao.

Kuhusu kazi za gerezani, nasisitiza ziwe za kumfaa nje. Kupasua kokoto miaka kumi kunamfaidi mwenye mradi. Ufundi wa umeme, ushonaji, uashi au kilimo cha kisasa humpa mtu mkono wa kula nao. Kanuni zile zile za Mandela zinataka mfungwa alipwe kwa haki, aweze kutuma sehemu ya malipo nyumbani, na sehemu nyingine iwekwe akiba akabidhiwe akiachiwa. Ningependa pia mahakama iweze kuelekeza fungu lingine liende kwa yule aliyedhulumiwa. Hapo yule mwathirika niliyeanza naye angeanza kupata kitu mkononi, si taarifa tu kwamba mtu yuko ndani.

Sisemi malango yafunguliwe. Wapo watu hatari ambao hawafai kuachiwa mapema, na wapo wachache ambao pengine hawafai kuachiwa kabisa. Hata hao ninawaombea darasa, maana mfungwa asiye na cha kutumaini ni tishio kwa askari anayemlinda na kwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyelazwa naye seli moja. Na mahabusu, ambao sheria bado inawahesabu kuwa hawana hatia, ni aibu kwamba katika magereza mengi ndio wa mwisho kufikiriwa kwa kuwa ni wa kupita tu. Wengine hupita kwa miaka.

Lakini kazi yote hii huanguka siku ya kuachiwa. Mtu anatoka na cheti cha ufundi chenye mhuri wa gereza, na mwajiri akiuona mhuri hasomi alama. Cheti kitolewe na bodi ile ile inayowatahini watu wa nje, bila kutaja kilikopatikana. Kanuni ya 108 kati ya zile za Mandela inataka anayeachiwa apewe nyaraka za utambulisho, mavazi yanayofaa na uwezo wa kufika aendako na kujikimu siku za mwanzo. Nauli, nguo na kitambulisho: hakuna serikali itakayofilisika kwa hayo. Nazitaka idara za magereza zitangaze kila mwaka walioachiwa ni wangapi, wangapi walipewa vitu hivyo vitatu, wangapi walitoka na fundisho lolote, na baada ya miaka mitatu wangapi kati yao wamerudishwa ndani.