Kabla hujaongeza gesi, isafishe kwanza hiyo AC

Joto likishapanda tu unaanza kusikia wimbo uleule, AC imepunguza ubaridi, ngoja nimwite fundi aongeze gesi. Fundi anakuja, anaongeza, anachukua chake anaondoka, na baada ya muda mnarudi palepale. Mimi kwenye hili sina lugha laini na najua mafundi wengine watanuna: gesi ya AC siyo petroli, haichomwi ikaisha. Inazunguka humohumo kwenye mabomba yaliyofungwa miaka nenda miaka rudi, ikipungua ujue kuna mahali inavuja, sasa ukiongeza bila kuziba panapovuja umefanya nini zaidi ya kulipia hewa?

Mara nyingi shida ni uchafu tu. Na hapa nazungumzia hasa zile AC za boksi za kupita ukutani, ukuta unatobolewa, linawekwa kasha la bati, halafu mashine nzima inasukumwa ndani ya kasha, uso uko chumbani mgongo uko nje. Watu wanazichanganya na za dirishani lakini siyo kitu kimoja. Ya dirishani ina matundu ya hewa ubavuni, hii ya ukutani ubavu wote umebanwa na kasha kwahiyo inavuta hewa kwa mgongoni na joto inalitoa hukohuko mgongoni. Mgongo ukiziba, basi tena, haina pengine pa kupumulia. Na huko nyuma ndo hakuna anayeangalia.

Filta sitaki kuisemea sana maana kila mtu anaijua ingawa wengi hawaigusi. Fungua kava la mbele, itoe, ioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, iache ikauke kabisa ndo uirudishe, kila baada ya wiki mbili tatu kama AC inawaka kila siku. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kuondoa filta chafu ukaweka safi kunaweza kupunguza umeme unaoliwa na AC kwa asilimia 5 mpaka 15, kwa kazi ya dakika kumi ambayo haihitaji hata bisibisi. Halafu mtu anakaa analalamikia bili.

Kazi yenyewe hasa ni kuitoa mashine kwenye kasha, angalau mara moja kwa mwaka. Chomoa plagi kwanza, kuzima kwa rimoti hakutoshi, na ukishachomoa bado usiguse nyaya za ndani kwasababu kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji, inabaki na umeme hata kama hakuna kilichochomekwa. Tafuta mtu wa kusaidiana naye, nyingi zina uzito wa kilo 30 na kitu na hazina pa kushika pazuri, na kosa linalofanyika sana ni mtu kushika bomba la shaba avutie, likipinda hapo sasa ndo utaitafuta gesi kikwelikweli.

Ikishatoka geuza uangalie ile koili ya nyuma, yaani mabomba yaliyopitishwa kwenye vibati vyembamba. Utakuta vumbi limeshikana na utando wa buibui, manyoya ya ndege na majani, limekuwa kama blanketi la kijivu, na mwanga haupiti kabisa kati ya vile vibati vyembamba. Anza na brashi laini, pitisha wima kufuata vibati vilivyosimama, ukipitisha kwa kukata unavikunja na vikikunjwa hewa haipiti. Kisha funika mota na boksi la umeme kwa mfuko wa plastiki, ndo umwagie maji taratibu. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari iache hukohuko kwa magari, jamani, nimeona koili imelala vibati vyote upande mmoja na aliyefanya anajisifu imetakata.

Sasa kitu ambacho kinaniuma kuliko vyote. Kwenye hizi AC kuna vipande vya sponji vinavyokaa kati ya mgongo wa mashine na ile grili ya nje, kazi yake ni kutenganisha hewa inayoingia na joto linalotoka. Vinaonekana kama takataka, vimechakaa, vimeng'oka kidogo, basi msafishaji anavitupa. Mashine inarudishwa inang'aa, na inaanza kuvuta joto lake yenyewe, inalitoa, inalivuta tena, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inachemka mpaka inajizima. Atakuja mtu atasema gesi! Vikichakaa weka vingine, lakini palepale vilipokuwa.

Maji nayo. Ukisikia sauti ya maji yanarushwarushwa ndani usikimbilie drili. Nyingi zimetengenezwa hivyo, feni ya nyuma ina pete inayochota maji kwenye trei na kuyarusha kwenye koili ya moto ili iipoze, yaani yale maji yanafanya kazi. Wapo wanaotoboa trei eti yatoke, wanaipokonya mashine msaada wake na hapohapo wamefungulia kutu njia. Maji yakianza kumwagikia chumbani hiyo ndo habari nyingine, angalia kama tundu la kutolea maji limezibwa na utelezi, au kasha limeinamia ndani wakati linatakiwa liinamie nje kidogo.

Kuna siku kweli gesi itakuwa imepungua, sikatai. Lakini ukiona barafu kwenye koili ya mbele usihukumu haraka, filta iliyoziba nayo inaleta barafu ileile. Izime, iyeyuke yote, safisha, washa tena. Ikiganda na kila kitu ni kisafi na feni inapuliza vizuri, hapo mwite fundi, na swali la kwanza umuulize inavuja wapi, maana nyingi kati ya hizi zimefungwa moja kwa moja toka kiwandani, hazina hata valvu ya kujazia, ni mpaka akate bomba na kuchomelea. Akikujibu kwamba haivuji, gesi inaisha tu yenyewe kwa matumizi, mfungulie mlango aende.