Kinondoni na Ubungo: mpaka ulisogeza ofisi, je, ulisogeza na mapato?

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Kinondoni ikiwa na watu 1,775,049, ilhali Mkoa mzima wa Dar es Salaam ulikuwa na 4,364,541. Baraza moja la madiwani na mkurugenzi mmoja walibeba watu wanne kati ya kila kumi wa mkoa, kuanzia majumba ya Masaki hadi mashamba yaliyokuwa yakikatwa viwanja Kwembe na Kibamba. Mkazi wa pembezoni huko alipohitaji huduma ya makao makuu, alishuka hadi Magomeni. Kwa hoja hiyo peke yake, kuanzishwa kwa Manispaa ya Ubungo, iliyokatwa kutoka Kinondoni mwaka 2016, hakuhitaji utetezi mrefu, na sensa ya 2022 iliyoipa Ubungo watu 1,086,912 na Kinondoni 982,328 inaonyesha kuwa kilichokatwa hakikuwa kipande kidogo.

Ugumu uko kwenye fedha. Kinondoni ilibaki na Masaki, Oysterbay na Mikocheni, maeneo ya hoteli, balozi na makampuni yanayolipa ushuru wa huduma. Ubungo ilipata viwanda vya Mabibo na biashara ya Manzese, jambo ambalo wakosoaji wa mgawanyo hulisahau, lakini pia ilirithi Goba, Saranga na Msigani, ambako nyumba ziliota kabla ya barabara na mifereji. Mwaka huohuo wa 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania, na baadaye, kuanzia 2021, kodi hiyo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia. Kwa halmashauri changa ya makazi, ambayo rasilimali yake kubwa ni nyumba zenyewe, naona pigo hilo lilikuwa zito kuliko dosari yoyote ya ramani.

Wapo pia waliousoma mpaka huu kisiasa, kwa kuwa baada ya mgawanyo Boniface Jacob wa CHADEMA, aliyekuwa meya wa Kinondoni, alikuwa meya wa Ubungo, na Kinondoni ikaenda kwa Benjamin Sitta wa CCM. Matokeo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi kuthibitisha nia. Manispaa yenye watu wengi kiasi kile ingegawanywa na serikali yoyote.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kugawanya ni ya uratibu. Jiji hili limewahi kujaribu njia zote mbili: mwaka 1996 halmashauri yake ilivunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na mwaka 2000 zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, huku Halmashauri ya Jiji ikibaki juu yao kwa mambo ya pamoja. Mfumo huo ulilalamikiwa kwa kuwa na viongozi wawili wanaogombania ushuru uleule, na malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Hata hivyo, Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilipovunjwa na Ilala kupandishwa hadhi kuwa jiji, Ubungo na Kinondoni zilipoteza chombo cha madiwani cha kukutania, wakati Bonde la Msimbazi, linalopita katika maeneo yao na ya Ilala, linaendelea kufurika bila kuuliza mpaka wa halmashauri uko wapi. Kazi ya uratibu sasa imebaki kwa ofisi ya mkoa, ambayo mkuu wake huteuliwa na hapigiwi kura na mkazi wa Kigogo wala wa Mabibo.