Blokicheni kwenye hati za ardhi: inamlinda nani hasa?

Kila baada ya muda unasikia serikali fulani inataka kuhamishia rekodi za ardhi kwenye blokicheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake zinatunzwa kwenye kompyuta nyingi, na hapohapo watu wanagawanyika. Kuna wanaosema utapeli wa viwanja sasa basi, na kuna wanaosema hizi ni kampuni za teknolojia zinatafuta wizara ya kuiuzia mitambo. Mimi naona wote wana hoja, shida ni kwamba hawaongelei wizi wa aina moja.

Wale wa upande wa kwanza wana sababu ya kulitaka hili jambo. Masijala ya ardhi, iwe ya mafaili au ya kompyuta, mwisho wa siku inamtegemea mtu mwenye ufunguo wa kabati au paswedi, na huyo mtu akihongwa anaweza kunyofoa karatasi, akabadilisha jina, akarudisha tarehe nyuma, na wewe mwenye kiwanja hujui lolote mpaka siku unakuta greda linasafisha eneo lako. Blokicheni inaifanya kazi ya huyo mtu iwe ngumu kweli kweli. Kila hati inakokotolewa ikapata heshi, yaani mfuatano mfupi wa herufi na namba unaotokana na hati yenyewe, ukigusa hata nukta moja heshi inatoka nyingine kabisa, alafu rekodi zinakusanywa kwa mafungu yanayoitwa bloku, kila bloku linabeba heshi ya bloku lililolitangulia na nakala zipo kwenye kompyuta nyingi za watu tofauti. Sasa mtu akienda kuchezea hati ya miaka ya nyuma, inajulikana. Sio kwamba anazuiwa asiiguse, ila anajulikana, na wizi wa masijala unaishi kwa kufichika.

Mfano unaotajwa sana ni Georgia, ile nchi ya Caucasus, sio jimbo la Marekani. Mwaka 2016 wakala wao wa usajili uliingia makubaliano na kampuni ya Bitfury na heshi za hati zikaanza kuwekwa kwenye mtandao wa Bitcoin. Sasa hapa watu wanapunja habari. Hati zenyewe hazikuhama, zimebaki kwenye kanzidata ya kawaida ya serikali, kinachoenda nje ni heshi tu kama ushahidi kwamba tarehe fulani hati ilisomeka hivi. Na kubwa zaidi, usajili wao walianza kuufumua na kuujenga upya tangu 2004, zaidi ya miaka kumi kabla ya blokicheni kuingia. Ilikuta kazi ngumu imeshafanyika.

Honduras ni kinyume chake. Mwaka 2015 ilitangazwa kwa shangwe kwamba rekodi za ardhi zitajengwa kwa teknolojia ya kampuni ya Factom, lakini hata mwaka haujaisha mradi ulikuwa umekwama, na 2020 kampuni yenyewe ikaingia kwenye mchakato wa kufilisika. Hebu fikiria kama hati za nchi nzima zingekuwa tayari zinategemea mitambo yao. Uswidi nao walijaribu kuanzia 2016, na hao masijala yao ilikuwa safi, mwaka 2018 wakafika hadi kufanya mauzo ya majaribio, kisha wakagonga ukuta ambao sio wa kompyuta kabisa, kwa sababu sheria yao ya mauzo ya ardhi ilikuwa bado inataka saini ya kwenye karatasi.

Ukiangalia hizo nchi tatu unaona swali lenyewe liko wapi. Blokicheni inalinda kilichoshaandikwa, lakini wizi mwingi wa ardhi unafanyika kabla ya kuandikwa au wakati wa kuandika: mpimaji anasogeza mipaka, kiwanja kimoja kinatolewa hati mbili, mtu anakuja na kitambulisho cha kughushi na cheti cha kifo cha mtu aliye hai, ndugu mmoja anauza shamba la urithi wenzake hawana habari. Vyote hivyo vikipitishwa na afisa aliyeidhinishwa vinaingia kwenye mfumo kama taarifa halali na vinapata heshi nzuri tu kama hati yoyote ya haki. Na hapo ndo mimi naogopa, kwa sababu dhuluma iliyokuwa kwenye faili bovu unaweza kuipinga kwa kuonyesha faili ni bovu, lakini ikishapata muhuri wa mfumo "usiodanganyika" nani atamsikiliza bibi asiye na karatasi, ambaye ushahidi wake ni majirani na makaburi ya wazee wake?

Alafu kuna ardhi ambayo haina mwenyewe mmoja. Kuna ardhi za ukoo, kuna malisho ya msimu, njia za kwenda mtoni, na mwanamke ambaye haki yake ya kulima inatambulika na jamii nzima lakini haijawahi kuandikwa popote. Mfumo unadai jina, unapewa jina, na mara nyingi linakuwa la mwanaume mwenye simu na kitambulisho. Hili blokicheni haijalianzisha, usajili wowote wa haraka haraka una hatari hiyo, ila ukichanganya na sifa ya kutobadilika inakuwa mbaya zaidi.

Na hiyo kutobadilika yenyewe isitukuzwe kupita kiasi. Mwaka 2016 kwenye Ethereum, mtandao mwingine wa blokicheni, mtu alitumia kasoro ya programu ya mfuko ulioitwa The DAO akachota takriban ether milioni 3.6, yaani sarafu ya kidijitali ya mtandao huo, na wengi kwenye mtandao wakakubaliana kurudisha mambo nyuma, waliokataa wakabaki na mnyororo wao wa bloku, ule ambao haukurudishwa nyuma. Waumini wenyewe waliona kuna siku lazima ubadilishe. Kwenye ardhi siku hizo ni za kila wiki, mahakama inafuta mauzo, mirathi inarekebishwa, mtu anakufa na ufunguo wake wa siri, ile namba ya kuidhinisha miamala. Wale wanaotaka tokeni, yaani alama ya kidijitali kwenye mtandao, ndo iwe kiwanja chenyewe, kwamba mwenye ufunguo ndo mwenye ardhi, kwangu hilo hapana, maana ukidukuliwa simu umepoteza nyumba. Mfumo wa Torrens wa kusajili ardhi, ulioanza Australia Kusini mwaka 1858 ulikuwa na kitu ambacho hawa hawakigusi, mfuko wa kumfidia aliyepoteza ardhi kwa kosa la usajili. Programu haina mfuko wala haishtakiki.

Kwa hiyo mimi nipo na matumizi ya kiasi, yale ya Georgia, heshi zitoke nje ya mikono ya wizara ili mwananchi yeyote aweze kuhakiki kwamba hati yake haijaguswa. Majina na namba za vitambulisho visiwekwe huko, vikishaingia havitoki. Na kompyuta za mtandao zisiwe zote za wizara moja, maana zikiwa za bosi mmoja anaweza kuamua kuandika upya zote na hapo umenunua tu kanzidata ya bei ghali, ziwepo za mahakama, za mabenki, za chama cha mawakili, za vyuo. Ila pesa nyingi iende kwanza kwenye upimaji, kusikiliza migogoro na kubandika hadharani madai ya kila kiwanja kabla hakijasajiliwa, muda wa kutosha wa watu kupinga, kwa lugha wanayoielewa. Ukiona mradi umetengewa bajeti kubwa ya programu na hauna hata mstari mmoja wa kusikiliza pingamizi, uliza mapema anayekuja kulindwa ni nani, kwa sababu kabla ya bloku la kwanza kufungwa bado mnaweza kupinga mkiwa mmesimama kwenye ardhi yenu.