Gora la Merikani na Ukimya wa Mkataba wa 1833

Bibi yangu hakuwa na jina jingine la kile kitambaa kizito cheupe kisichotiwa rangi. Kilikuwa merikani. Foronya za mito ya usufi zilikuwa za merikani, na mfuko aliotundika nyuma ya mlango ulikuwa wa merikani. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nikang'amua kwamba hilo ni jina la nchi, na kwamba nchi hiyo iliingia vinywani mwetu ikiwa nguo, kabla hatujaijua kama dola, ubalozi au viza.

Wanaoandika historia ya siasa za nje za Marekani huanzia kwa wakubwa. Huanzia kwenye wosia wa George Washington wa mwaka 1796, alipowausia wenzake wafanye biashara na mataifa yote lakini wajiepushe na kufungamana nayo kisiasa. Kisha huja tamko la Rais James Monroe la mwaka 1823, la kuzionya dola za Ulaya zisijiingize katika bara la Amerika. Mimi naona siasa hiyo inasomeka vizuri zaidi ukiitazama kutoka forodhani Unguja, kwa sababu hapo unaiona ikifanya kazi kwa mizani na vitambaa.

Mwaka 1828 hivi alikuwapo Unguja mfanyabiashara wa New Hampshire aitwaye Edmund Roberts. Mambo yake ya fedha yalikuwa yameyumba, na alilalamika kwamba Wamarekani hawakupata masharti mazuri kama waliyopata Waingereza. Alikutana na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, wakazungumza habari za mkataba. Roberts aliporudi kwao alimwandikia seneta wa jimbo lake, Levi Woodbury, ambaye baadaye alikuwa waziri wa majeshi ya majini. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson akamtuma rasmi kwa manowari iitwayo Peacock. Ujumbe ulikuwa wa siri, hata Roberts akaandikishwa melini kama karani wa nahodha. Njiani alifunga mkataba na Siam, na tarehe 21 Septemba 1833 akatia saini na Sayyid Said mjini Maskati.

Kwa hiyo aliyeanza ni mfanyabiashara, na serikali ikamfuata nyuma. Wakati ule haja ilikuwa kubwa. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 zilitia nanga Unguja meli 41 za kigeni, na 32 kati ya hizo zilikuwa za Marekani. Za Kiingereza zilikuwa 7. Nyingi za hizo za Marekani zilitoka Salem, bandari ndogo ya Massachusetts. Walikuwapo wazee wa mwambao walioijua Salem kabla ya kuijua New York.

Mkataba wenyewe ni mfupi. Wamarekani waliruhusiwa kuingia bandari zote za Sayyid na kuuza na kununua na yeyote, wakilipa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa walizoshusha. Rais wa Marekani aliruhusiwa kuweka konsuli, na konsuli huyo ndiye angehukumu magomvi ya Wamarekani wao kwa wao. Kipo pia kifungu ambacho kila nikikisoma hunigusa. Kinahusu mabaharia wa Kimarekani waliovunjikiwa na meli. Ilipendekezwa kwamba Marekani irudishe gharama za kuwatunza, na Sayyid akakataa. Akataka iandikwe kwamba atawatunza kwa mali yake mpaka warudi kwao, kwa kuwa hawezi kupokea malipo kwa kumsaidia mtu aliyefikwa na shida. Huo ni ungwana hasa, na kila aliyelelewa mwambao anaujua.

Lakini rudia mkataba huo mwanzo hadi mwisho ukitafuta neno kuhusu watumwa. Hulipati. Aliyefikishwa pwani na dhoruba aliwekewa kifungu chake. Aliyefikishwa pwani kwa minyororo hakuwekewa kitu. Sidhani hilo lilisahaulika. Mwaka ule Marekani ilikuwa na watumwa zaidi ya milioni mbili mashambani mwake, na Jackson aliyemtuma Roberts alikuwa mmoja wa waliowamiliki. Huku kwetu Sayyid alikuwa akigeuza Unguja kuwa nchi ya karafuu kwa mikono ya watumwa. Pande zote mbili ziliketi zikijua jambo lipi halitajwi.

Nimesikia mara nyingi hoja kwamba Marekani ilikuja kwetu kwa heshima kuliko Wazungu wa Ulaya, kwa kuwa haikutaka ardhi wala haikupandisha bendera yake juu ya ngome ya mtu. Kwa sehemu ni kweli, na siipuuzi. Uingereza ilianza na mikataba ya kuzuia biashara ya watumwa mwaka 1822 na 1845, ikaishia kuitangaza Unguja himaya yake mwaka 1890. Konsuli wa Marekani hakuwa na ndoto ya kuitawala Unguja. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba kutoingilia kulikuwa usafi. Ukifanya biashara na kila mtu usimuulize yeyote mali imetokaje, tayari umeamua jambo, na uamuzi huo una watu wanaoulipia.

Mwangalie konsuli wa kwanza, Richard Waters wa Salem, aliyefika Machi 1837, miaka minne kabla ya Hamerton, konsuli wa Uingereza. Serikali yake haikumlipa mshahara. Aliishi kwa ada ndogo za meli na kwa biashara yake mwenyewe, yaani mwakilishi wa nchi na mwenye duka walikuwa mtu mmoja. Akashirikiana na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodi ushuru wa forodha kwa Sayyid, yaani alimlipa Sayyid ili aukusanye yeye, na kwa ushirikiano huo pembe za ndovu na sandarusi, utomvu wa kutengenezea vanishi, zikapitia mikononi mwao. Wamarekani wengine walilalamika kwamba cheo cha ukonsuli kilitumiwa kuwabana. Na Waters huyo alikuwa mcha Mungu aliyeuchukia utumwa. Aliyaandika hayo katika shajara yake, akihuzunishwa na watu aliowaona wakishushwa mashuani. Naamini huzuni yake ilikuwa ya kweli. Asubuhi iliyofuata alirudi kupima pembe zilizofika pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa.

Ndipo turudi kwenye merikani, maana hapo ndipo jambo lote limefumwa. Pamba ilichumwa na watumwa weusi majimbo ya kusini ya Marekani. Ikapelekwa kaskazini, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa Salem, ikashushwa Unguja. Hapa majora yalifungwa mizigo, yakavuka Bagamoyo, yakapanda mpaka Tabora na Ujiji. Huko bara nguo hiyo ilikuwa fedha. Watu walihesabu kwa mkono (toka kiwiko hadi ncha ya kidole), shuka na doti: mikono minne shuka, shuka mbili doti. Ukitaka kupita nchi ya mtemi ulitoa hongo, yaani ushuru wa njia, ya merikani. Ukitaka chakula cha msafara, pembe au mtu wa kununua, ulipima merikani. Kisha pembe zikashuka pwani, zikasafirishwa hadi Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandikwa kwenye vibao vya piano. Mtu aliyefanywa mtumwa Mississippi alichuma pamba iliyonunua mtu Manyema, mashariki mwa Kongo, na hakuna hata mmoja wao aliyejua habari za mwenzake. Mkataba wa Maskati ndio uliolipanua lango hilo kwa asilimia 5.

Kisa kinachopendwa kusimuliwa ni cha meli ya Sultana, na nakielewa, ni kisa kizuri. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiongozwa na mjumbe wa Sayyid, Ahmad bin Na'aman, ikiwa na zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali, upanga uliopambwa kwa dhahabu. Katiba ya Marekani haimruhusu mtumishi wa serikali kupokea zawadi ya mfalme bila ridhaa ya Bunge, kwa hiyo Van Buren alizikataa kwa nafsi yake, na Bunge likaruhusu zipokelewe kwa niaba ya taifa na ziuzwe. Kwa upande wao Wamarekani waliitengeneza meli kwa gharama ya serikali katika gati la jeshi la majini la Brooklyn. Ahmad akachorwa picha ya rangi, kilemba kichwani, macho ya mtu anayejua cheo chake. Kisha akapakia bidhaa za kurudi nazo, merikani ikiwamo, akang'oa nanga.

Urafiki huo ulikuwa na mipaka yake. Mwaka 1850 konsuli Charles Ward aligombana na serikali ya Unguja kwa sababu bendera yake haikupigiwa mizinga ya heshima sikukuu ya 4 Julai, akaondoka, na mwaka uliofuata ikaja manowari Susquehanna kudai radhi. Nchi iliyosifiwa kwa kuuza na kununua tu ilijua pia kuleta mizinga ilipohisi imedharauliwa. Kwa bendera ilileta manowari. Kwa watu waliouzwa mnadani mjini haikuandika hata sentensi moja mkatabani.

Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani mwaka 1861, tena kwa sababu ya utumwa huohuo uliokwepwa Maskati, pamba ilikatika. Merikani ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Bombay zikajaza pengo. Biashara ya Salem haikurudi kuwa ile ya zamani, ila jina la nguo likabaki kwa akina bibi yangu.

Kila yanapoadhimishwa mahusiano ya kale kati ya Marekani na mwambao, hutolewa picha ya Ahmad bin Na'aman na kutajwa zile lulu na wale farasi. Na vitolewe, ni vyetu pia. Mimi naomba pembeni yake liwekwe gora moja la merikani, kando ya gora kibao cha piano chenye pembe, na chini yake karatasi moja inayosema pamba ilichumwa na nani na pembe ilibebwa na nani. Mkataba wenyewe uwekwe katikati, wazi, ili mtoto wa shule aupitie kifungu kwa kifungu na atafute mwenyewe neno ambalo halimo.