Hiace Isiyokuwa na Magurudumu

Mwaka 2003 nyumba yetu ya Magomeni Mapipa ilikuwa mbioni kununua Hiace ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona magurudumu yake.

Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza kastaafu, kiinua mgongo kipo benki kinamwasha. Mpango ulikuwa kipanya, njia ya Mwenge–Kariakoo. Dereva kapatikana, konda kapatikana, hata maneno ya kuandika kwenye kioo cha nyuma keshayachagua. Limebaki gari tu. Madalali wa mjini hakuwa na imani nao tangu rafiki yake auziwe Corolla iliyopakwa rangi juu ya kutu. Akasikia kwamba Wajapani wanaweka picha za magari yao kwenye intaneti, unachagua mwenyewe, usukani uko kulia kama wetu, meli inakushushia hapo bandarini. Basi ikanunuliwa kompyuta ya mtumba Kariakoo, nikaitwa mimi mtoto wa kaka yake niliyewahi kupita kwenye kozi ya kompyuta, nikapewa cheo cha mtaalamu. Mshahara hapana, cheo tu.

Intaneti ya nyumbani enzi hizo ilipita kwenye simu ya mezani. Modemu, kile kifaa cha kuiunganisha kompyuta na simu, inapiga namba, modemu ya upande wa pili inapokea, zinaanza kusalimiana: tiii, tooong, kisha mkwaruzo kama mtu anayekaanga dagaa kwenye bati. Zikielewana kelele inazimwa na wewe umeingia. Dakika zote hizo simu inahesabu, kwa hiyo baba mdogo alikuwa akikaa ubavuni kwangu, saa ya mkononi kaivua kaiweka juu ya meza, anaitazama yeye na mimi kwa zamu.

Boksi la modemu liliandikwa 56K, yaani mwendo wa biti 56,000 kwa sekunde. Laini yetu habari hiyo haikuwa nayo. Siku njema tuliunganishwa kwa 31,200. Masika yakikolea, 26,400 na unasema alhamdulillah. Na huko ni kufika tu kwa hao waliokuwa wakituuzia intaneti. Kutoka pale ombi lako linarushwa kwenye satelaiti, karibu kilomita 36,000 juu, linateremkia Ulaya au Marekani, ndipo lianze safari ya Japani, halafu jibu lirudi kwa njia ile ile. Mkongo wa baharini ulitufikia 2009, na wakati huo mambo haya yalikuwa yameshapita. Kwa hiyo picha ya gari kwetu haikufunguka, iliteremka. Mstari mwembamba wa rangi unatokea juu kabisa ya kioo. Unakaa. Unatokea wa pili chini yake.

Ikianza kuteremka watu waliitana. Mama mdogo anatoka jikoni na mwiko mkononi, watoto wanapanda stuli. Kwanza anga ya Japani, kijivu. Mti. Kisha paa.

"Paa refu hilo," anasema baba mdogo. "Abiria hawatainama."

Paa linaisha, kinaanza kioo cha mbele, waipa, kibandiko cha maandishi yao pale pembeni, tunasogeza vichwa. Halafu modemu inafanya "kak!", vile vikompyuta viwili vya chini kulia mwa kioo, vya kuonyesha kwamba umeunganishwa, vinatoweka, na tangazo linatokea kwamba tumekatika. Tunapiga tena. Picha inaanza upya toka juu. Anga. Mti. Paa. Waipa. Kak!

"Hivi hawa Wajapani wanauza paa?" baba mdogo akauliza usiku mmoja. Usiku mwingine akataka kujua kama utaalamu wangu unaruhusu picha ianzie chini.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilibadilisha waya wa modemu. Niliondoa waya mrefu wa kuunganishia na kuisogeza meza hadi kwenye soketi ya ukutani, ikawa kuingia sebuleni lazima upite kwa ubavu. Nilizima ile huduma ya kukujulisha kwamba kuna mtu mwingine anakupigia, maana mlio wake mdogo tu unatosha kuiparaganya modemu. Nilizima na ule mpangilio wa kompyuta kujikata yenyewe ukikaa kimya kwa dakika 20, ingawa nyumba ile kukaa kimya kwa dakika 20 kulikuwa hakuna. Haikusaidia.

Kompyuta nayo haikuwa na lugha ya kumsaidia mtu, ilitoa namba: 676, laini ya upande wa pili inatumika, 678, hawapokei, 680, hakuna mlio kwenye laini, 691, jina au neno la siri limekosewa. Baba mdogo alizikariri zote. Alikuwa anaoga huku ananiuliza kwa sauti kupitia mlangoni:

"Ngapi hiyo?"

"680!"

"Hakuna mlio? Si simu yenyewe hiyo hapo mezani haijaguswa?"

Kweli haijaguswa. Ukiunyanyua mkonga unasikia mlio upo, salama kabisa. Ukirudi kwenye kompyuta, imekubali. Mama mdogo akipita na sinia husema, "Labda mvua." Sikutilia maanani kwamba alikuwa anasema hivyo hata kiangazi.

Nilichogundua ni kwamba kukatika kulikuwa na ratiba. Mchana laini ilitulia, ila mchana tulikatazwa kuigusa kwa sababu mama mdogo alikuwa daima anategemea simu muhimu. Balaa lilianza baada ya Isha. Nikachimba kijitabu cha modemu, nikakuta kumbe modemu ina kiwango cha subira na unaweza kukibadilisha. Kinaitwa S10. Kwa kawaida kimewekwa 14, yaani sehemu 14 za kumi za sekunde: isipomsikia mwenzake kwa sekunde moja na nukta nne, inakata. Nikaandika ATS10=50, isubiri sekunde tano kabla ya kususa. Na kwa kuwa nilitaka kusikia kinachotokea pale inapokata, nikaongeza amri ya kuacha spika yake wazi muda wote, M2.

Usiku ule tuliona taa. Taa za mbele, zote mbili, nzima. Mama mdogo alipiga kigelegele. Bampa ikaanza kuchomoza, baba mdogo kasimama, mkwaruzo wa modemu unavuma sebule nzima, na katikati ya mkwaruzo ule, kutoka ndani ya kompyuta, ikatoka sauti ya mwanamke mzee, taratibu, yenye msisitizo, inasoma Ayatul Kursi.

Na Ayatul Kursi haisomwi kwa sekunde tano. Kak!

Watoto hawakupita mlangoni, wengine walitokea dirishani. Baba mdogo alibaki amesimama na saa yake mkononi, anaangalia kompyuta kama mtu anayesubiri imalizie. Mimi utaalamu wote ulinitoka. Ni mama mdogo peke yake aliyebaki mtulivu. Alichukua mwiko wake, akasema, "Mvua hiyo," akaenda zake jikoni. Nje nyota zinawaka.

Asubuhi akaletwa fundi wa simu, mzee mstaafu, na simu yake ya kupimia yenye vibanio viwili. Alipanda ngazi hadi kwenye kisanduku kilicho chini ya bati, akafungua, akatazama, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena.

"Nyumba hii ina simu ngapi?"

"Moja."

"Mbona kwenye skrubu hizi zimefungwa jozi mbili za waya?"

"Fundi, hujanywa chai," akasema mama mdogo. "Shuka kwanza unywe chai. Kuna chapati."

Fundi ni mtu mzima, akasema chai itamkuta. Akaufuata waya. Uliingia darini, ukatambaa juu ya chumba cha watoto, ukatokea kwenye tundu la hewa, ukavuka uchochoro. Pale uchochoroni nilikuwa napita kila siku. Ile niliyoiona siku zote ni kamba ya kuanikia, yenye kanga mbili, foronya na gauni la shule, kumbe ndiyo laini ya simu. Fundi akainua kanga kwa ncha ya bisibisi, akaonyesha ulipobanwa na vibanio vya nguo, mpira umekwisha, shaba inang'aa. Kutoka hapo waya uliingia dirishani kwa bibi jirani.

"Hodi!"

"Karibuni."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Afadhali mmekuja. Hata nyie limewasumbua?"

Juu ya stuli, simu nyekundu imevikwa kitambaa cha kufuma. Pembeni yake bakuli la kombe. Na pembeni ya kombe, kwenye mkeka, ustadhi wa madrasa ya mtaa wa pili, mbele yake mifupa ya kuku.

Bibi akatusimulia. Mwanawe yuko Muscat. Kwa kuwa hana laini, alipatana na mama mdogo mambo ya kiujirani, wakavuta waya. Kila baada ya Isha anaunyanyua mkonga. Akisikia watu wanaongea anaurudisha, akikuta mlio anampigia mwanawe. Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka lilipoingia jini. Unanyanyua, linakwaruza na kupiga mayowe. Mwanzoni alikuwa akiutupa mkonga na kukimbia. Ndipo ustadhi akamwambia asikimbie, alisomee.

"Na wallahi likisomewa linanyamaza," akasema bibi. "Halijawahi kufika mwisho wa aya."

Ustadhi akatikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Nikaona nilieleze jambo kitaalamu. "Bibi, lile si jini. Ni kompyuta yetu inazungumza na kompyuta nyingine kwa sauti kupitia waya huu. Ukinyanyua mkonga na kuongea, hazisikilizani tena, ndiyo zinakata. Ndiyo maana inanyamaza."

"Zinazungumza nini?"

"Zinaleta picha ya gari kutoka Japani."

Bibi alinitazama kwa muda, akamgeukia ustadhi, akanirudia mimi.

"Linapiga mayowe ndani ya simu usiku, linaleta gari kutoka ng'ambo ya bahari, na wewe mtoto uliyesoma unaniambia si jini."

Jibu sikuwa nalo, na mpaka leo sina. Ombi letu lilikwenda kilomita 36,000 juu na kurudi salama, halafu likafia kwenye uchochoro wenye upana wa mkokoteni.

Baba mdogo alikuwa bado yuko kwenye neno Muscat. Bili zote kubwa alikuwa ameniandikia mimi na kompyuta yangu, mbele za watu. "Mama fulani," akamwita mkewe kwa upole unaotisha, "Muscat alikuwa analipia nani?"

"Bibi ananipa hela yake kila mwezi, hajawahi kuchelewa."

"Inakwenda wapi?"

"Wewe unadhani yale mapazia ya sebuleni yaliota?"

Fundi akasema sasa angeinywa ile chai.

Waya haukukatwa, nani atamkata mama na mwanawe. Fundi alibadilisha kile kipande cha uchochoroni na kuwapa onyo akina mama kuhusu foronya mbichi. Tukagawana usiku: baada ya Isha mpaka saa nne ni wa bibi, kuanzia saa nne ni wetu, na akimaliza agonge nondo ya dirisha kwa kijiko. Ustadhi hakufurahia sana makubaliano hayo.

Saa nne na ushei kijiko kikagonga. Tukapiga, tukaunganishwa. Anga. Mti. Paa refu. Waipa, taa, bampa, namba ya mauzo. Hakuna kak. Gurudumu la kushoto, mviringo kamili, na la kulia likaja nyuma yake, baba mdogo akanipiga bega. Kisha ukashuka ukanda mwekundu uliokatiza chini ya gari, herufi kubwa nyeupe: limeshauzwa. Na tarehe. Lilikuwa limeuzwa tangu wiki ile tuliyokuwa tukibishana kama lile ni paa refu au paa la kawaida.

Bibi alikuwa hajalala. Kijiko kikagonga tena.

"Enyi! Limeshaleta gari?"

"Limeleta, mama," baba mdogo akamjibu kutoka kwenye kiti. "Ila limempelekea mtu mwingine."