Linux, Windows na sekretaria za Lubumbashi: usalama dhidi ya nani?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft iliposimamisha masahihisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, ubishi wa miaka mingi kati ya wapenzi wa Linux na watumiaji wa Windows, mifumo miwili ya kuendeshea kompyuta, umepata uzito mpya hapa Lubumbashi. Windows 11 inadai, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ilhali kompyuta nyingi zinazopiga chapa TFC (kazi za mwisho za wanafunzi) na barua za kuomba kazi, katikati ya mji na kando ya barabara ya Kasapa inayokwenda Chuo Kikuu, ni za mitumba na zilitengenezwa kabla masharti hayo hayajafikiriwa. Mwenye sekretaria, yaani duka la kupiga chapa, anaweza kuendelea na mfumo usiotunzwa tena, au kutafuta pesa za mashine nyingine, au kuhamia Linux, ambayo haina malipo na ambayo baadhi ya matoleo yake hayaichukii mashine yenye umri wa miaka kumi.

Hapo ndipo kelele zinapoanzia. Kila mtu anapolalamika kwamba virusi vimekula mafaili yake, hakosekani kijana wa enformatiki wa kumjibu kwamba alistahili, kwa kuwa Windows ni kapu lililotoboka na Microsoft inampeleleza, na kwamba angehamia Linux angelala usingizi. Upande wa pili unajibu kwa ukali uleule: Linux ni mchezo wa watu wasio na wateja wa kuwahudumia, na ikiwa haishambuliwi sana ni kwa sababu watu wanaoitumia mezani ni wachache. Kila upande unashika ukweli fulani, lakini wote wawili wanataja usalama na faragha kana kwamba ni kitu kimoja, tena bila kusema wanajilinda dhidi ya nani. Mwizi wa kompyuta, virusi vya flashi, kampuni ya Marekani, mtandao wa simu na mfanyakazi wa sekretaria mwenyewe ni wapinzani tofauti, na mfumo unaomzuia mmoja unaweza kumfungulia mlango mwingine.

Tuanze na flashi, kwa sababu ndiyo inayotuumiza kila siku. Mwanafunzi anaingia, anampa mpiga chapa flashi yake, na badala ya folda la TFC linaonekana folda lenye jina lilelile na kamshale kadogo kwenye kona ya picha yake. Kirusi kimelificha folda halisi kwa kulipa alama ya faili la mfumo, kisha kimeweka mahali pake njia ya mkato. Anayebofya hapo anakiamsha kirusi kwanza, ndipo folda linafunguka kama kawaida, na kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mashine ikishaambukizwa, kila flashi inayofuata inatoka na zawadi, na baada ya wiki moja mtaa mzima unabadilishana kitu kilekile.

Ukiichomeka flashi hiyo katika kompyuta ya Linux, kwa kawaida vyote viwili vinaonekana pamoja, folda halisi na njia ya mkato ya uongo, kwa sababu Linux haiijali ile alama ya kuficha, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haipati pa kusimamia. Kwa mashine ya mbele inayopokea flashi za watu wasiojulikana kuanzia asubuhi hadi jioni, faida hiyo ni kubwa, na watetezi wa Windows hawaitendei haki wanapoipuuza. Hata hivyo wapenzi wa Linux nao husahau kusema kwamba kirusi hakijafa. Kimelala tu kwenye flashi, na kama mpiga chapa hakukifuta kitaamka kwenye kompyuta ya kwanza ya Windows kitakayoikuta, pengine ile ya mwalimu anayeongoza kazi hiyo.

Ulinganisho wenyewe pia mara nyingi si wa haki. Windows inayolaumiwa mjini kwetu kwa kawaida si Windows iliyonunuliwa. Leseni ya Windows 11 Home iliwekewa bei ya dola 139 huko Marekani, pesa ambayo mwenye mashine mbili na printa moja hawezi kuitoa kirahisi, kwa hiyo fundi anaweka nakala iliyovunjwa, na programu ndogo ya kuivunja humtaka kwanza azime kinga ya virusi iliyokuja na mfumo. Baada ya hapo masahihisho yanazimwa pia, kwa kuwa yanakula mega za intaneti. Mfumo ambao mlinzi wake amefukuzwa na kufuli lake kung'olewa hauwezi kuwa kipimo cha Windows kwa jumla. Shambulio la WannaCry la Mei 2017, lililofunga mafaili katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za Uingereza, lilipita katika tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea sahihisho tangu Machi mwaka huohuo. Waliosahihisha mashine zao waliepukana na njia hiyo. Linux iliyowekwa mwaka 2019 na kuachwa bila kuguswa haina haki ya kujigamba mbele ya Windows yenye leseni inayosahihishwa kila mwezi, ingawa ni kweli kwamba kwenye Linux hakuna anayelazimika kuvunja kitu chochote ili apate masahihisho, na kwa mtu asiye na pesa ya leseni tofauti hiyo inaamua mengi.

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni ile ya uwazi: kwa kuwa msimbo wa Linux, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, macho ya watu wengi yanaukagua, na ubaya haufichiki. Machi 2024 hoja hiyo ilipata mtihani. Ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na karibu matoleo yote ya Linux, palikutwa mlango wa siri uliopandikizwa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amejijengea sifa ya msaidizi mwema mpaka akakabidhiwa madaraka ya mradi. Aliyeugundua ni Andres Freund, mtaalamu wa hifadhidata aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wapenzi wa Linux wanasema: mnaona, uwazi umefanya kazi, maana katika programu iliyofungwa asingeweza kuufuatilia mpaka ndani. Watetezi wa Windows wanajibu kwamba macho hayo mengi yalikuwa ya mtu mmoja mwenye bahati, tena mwajiriwa wa Microsoft. Mimi naona wapenzi wa Linux wana haki zaidi, lakini kwa kiasi: uwazi uliruhusu uchunguzi, haukuuhakikisha.

Kwa Lubumbashi funzo lililo karibu zaidi ni la Februari 2016, wadukuzi walipoingia kwenye tovuti ya Linux Mint, toleo moja la Linux, na kuwaelekeza wapakuaji kwenye nakala yenye mlango wa siri. Faili la kuwekea mfumo huo sasa lina karibu gigabaiti tatu. Nani hapa analipakua mwenyewe kwa mega za simu? Analipata kwa rafiki, naye rafiki alilipata kwa mwingine, na ile namba ndefu ya uhakiki inayotolewa na waandaaji ili mtu ajue kama faili limeguswa haitazamwi na yeyote. Nakala ya Linux iliyopita mikono kadhaa bila kuhakikiwa inastahili mashaka yaleyale tunayoiwekea Windows ya fundi.

Katika faragha, wapenzi wa Linux wana hoja nzito. Windows 11 humsukuma mtumiaji wa kawaida kufungua akaunti ya Microsoft na hutuma taarifa za matumizi kwa kampuni. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza Recall, kipengele cha kupiga picha za skrini mara kwa mara ili mtu aweze kutafuta alichokiona, na ililazimika kukiahirisha baada ya wataalamu wa usalama kupiga kelele. Hata mwaka wa nyongeza wa masahihisho kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10, uliotangazwa kufika hadi Oktoba 2026, uliuzwa kwa dola 30 au ukatolewa bure kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake katika akaunti hiyo. Linux nayo si malaika, kwani mwaka 2012 Ubuntu, toleo jingine la Linux, ilipeleka maneno ambayo watu walitafuta kwenye kompyuta zao kwa seva zake ili kuwaletea matangazo ya Amazon, na ilichukua miaka hadi kipengele hicho kikaja kikiwa kimezimwa tangu mwanzo, katika toleo la 2016.

Lakini hebu tuulize ni nani anayejua mengi kuhusu mkazi wa Katuba au Ruashi, mitaa ya mji wetu. Maisha yake yako kwenye simu: namba imeandikishwa kwa kitambulisho, pesa zinapita humohumo, na kati ya mwaka 2020 na 2022 hata chombo chenyewe kilitozwa ada ya RAM (rejista ya simu, si kumbukumbu ya kompyuta) kwa kutambuliwa namba yake ya IMEI. Baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa takriban wiki tatu, na hakuna mfumo wa kompyuta uliomsaidia mtu kuipata kwa mtandao wa simu uliozimwa. Anayefungua Facebook ndani ya Linux anaipatia Facebook yaleyale ambayo angeipatia ndani ya Windows. Tena simu za Android zenyewe zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na sijawahi kusikia mtu akizisifu kwa ajili hiyo kwamba zinatunza siri.

Kuna tundu jingine ambalo pande zote mbili hazilitaji, nalo liko mezani mbele yetu. Mteja analeta kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ipigwe skani kwa ajili ya faili la kazi katika kampuni ya madini. Picha inahifadhiwa, inachapishwa, mteja analipa faranga zake na kuondoka, na picha inabaki. Fungua folda la skani katika sekretaria yoyote yenye wateja na utakuta nyuso, tarehe za kuzaliwa, diploma na saini za watu ambao hawajui kwamba bado wamo humo. Sheria ya Dijitali (Code du numérique) iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima kuhusu ulinzi wa data za watu, lakini sheria haifiki mpaka kwenye folda hilo isipokuwa mwenye duka aifikishe. Linux Mint ina kikao cha mgeni, ambacho ni lazima kiwashwe kwanza, na ambacho hufuta kila kilichohifadhiwa ndani yake mtu anapotoka. Kwa sekretaria, naona kitu hicho kidogo kina thamani kuliko hotuba zote dhidi ya Microsoft.

Kuhusu wizi, nitasema kwa ufupi. Diski isiyosimbwa, yaani isiyofungwa kwa ufunguo wa siri, inasomeka na yeyote mwenye flashi ya kuwashia kompyuta, iwe ina Windows au Linux. Linux nyingi hutoa usimbaji huo kwa kisanduku kimoja cha kuchagua wakati wa kuweka mfumo, na wengi hukipita. Windows 11 ya karibuni huuwasha yenyewe kwenye mashine nyingi na kuhifadhi ufunguo katika akaunti ya Microsoft, jambo linalomwokoa msahaulifu na kumkera mpenda siri.

Sasa kazi, ambako Windows ina ngome yake. Mwongozaji wa TFC anataka Times New Roman, kurasa za mwanzo zihesabiwe kwa namba za Kirumi, na jedwali la yaliyomo likae sawa. LibreOffice inayafanya yote hayo, na ina herufi zenye vipimo sawa na vya Times, lakini faili lililoanzia Word likapita LibreOffice na kurudi Word linaweza kusogeza jedwali na picha, na anayelaumiwa ni mpiga chapa. Mhasibu anayefanya hesabu za OHADA (kanuni za pamoja za biashara za nchi kadhaa za Afrika) kwa programu ya Sage na mhandisi wa migodi anayechora kwa AutoCAD au Surpac hawana pa kuhamia, na kuwaambia watafute mbadala ni kutojua kazi yao. Printa nazo zina mambo yake: nyingi za HP hukubali Linux bila matata, huku baadhi ya Canon ndogo za zamani za leza zikimla fundi siku nzima. Fundi wenyewe wa Windows wako kila kona, ilhali wa Linux ni wa kutafuta, na mashine iliyo salama lakini imelala haimlipi mtu kodi ya nyumba.

Nikiwekwa kuamua, ningeitia Linux ile mashine inayopokea flashi na kufanya skani, pamoja na kikao cha mgeni, na kuiacha Windows yenye leseni na masahihisho kwa mashine moja ya ndani inayomalizia TFC na hesabu, ambayo flashi ya mteja haiigusi na ambayo hupokea mafaili kupitia waya wa mtandao wa dukani. Si mpango wa kumfurahisha muumini wa upande wowote, na una gharama: leseni moja, waya, na siku kadhaa za mpiga chapa kujifunza mahali vitufe vilipohamia. Siku hizo zisiangukie katika wiki za kuweka TFC, wakati foleni ya Kasapa inapofika mlangoni na umeme nao unachagua saa zake; likizo ya wanafunzi inatosha kwa jaribio, na printa ndiyo ya kujaribiwa kwanza.