Mashine ndogo kwenye kayaki ya kuvulia: uzito kwanza, kasi baadaye

Wavuvi wa ndoano wa Moshi na Arusha wanaotumia kayaki za plastiki wamegawanyika. Wapo wanaosema mashine ndogo inaokoa mabega na inamfikisha mtu kwenye perege kabla jua halijawa kali. Wengine wanajibu kwamba kayaki hununuliwa kwa sababu ni nyepesi na haitaki mafuta wala fundi, kwa hiyo kuifunga mashine ni kuipotezea faida yake. Pande zote mbili zina hoja, lakini mjadala mwingi huanzia kwenye kasi, na hapo ndipo watu wanapokosea hesabu.

Chukua kayaki ya mita 3.6 iliyoandikwa kwamba inabeba kilo 160. Hicho ni kikomo chake. Kwa kuvua salama usivuke asilimia 70, yaani kilo 112. Mvuvi ana kilo 75, vifaa na samaki kilo 15, mota ya umeme yenye msukumo wa pauni 30 ina kilo 9, bamba la kuifungia pamoja na nyaya kilo 4. Tayari ni 103. Ukiweka betri ya sola ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaotunza), yenye kilo 28 hivi, unafika 131: nyuma inazama, mbele inanyanyuka, na wimbi dogo la ubavuni linaingia ndani. Betri ya lithiamu ya Ah 50 ina kilo 6 tu, na jumla inabaki 109. Kwa hiyo anayeuliza bei ya mota aulize kwanza bei ya betri, maana ndiyo itakayoamua kama mpango wenyewe unafaa.

Betri ya gari isifikiriwe kabisa. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza taratibu kila siku, sahani zake hufa mapema. Hata ile ya sola ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 zake ni kama 50 za matumizi. Ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, mradi chaja iwe ya lithiamu.

Kwenye kasi ya mwisho mota hiyo hula karibu ampea 30. Kwenye gia ya pili au ya tatu hula ampea 10 hadi 15, na kayaki inatembea vizuri tu. Umbo la kayaki ya mita 3.6 lina mpaka wake, kama kilomita 8.5 kwa saa. Ukikaribia hapo nguvu ya ziada inaishia kutengeneza mawimbi. Mota ya pauni 55 kwenye chombo hiki ni hasara.

Je, petroli? Watetezi wake wana jambo la kweli: mafuta hujazwa kwa dakika moja, na mafundi wa injini ndogo tunao kila mahali, wakati mota ya umeme ikiungua utahangaika na vipuri. Lakini injini ya farasi 2.5 ina kilo 13 hadi 17, zote zikining'inia nyuma kabisa, na huwashwa kwa kuvuta kamba. Kugeuka nyuma na kuvuta kamba kwa nguvu ukiwa umekaa kwenye kayaki ndiyo njia rahisi ya kupinduka. Pia injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, na Ziwa Duluti, karibu na Arusha, liko juu ya mita 1,200. Petroli iwekwe kwenye mtumbwi wa mbao wenye nyuma bapa.

Ufungaji ndio unaoharibu kazi nyingi. Silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki ya kayaki. Kata mpira wa tyubu ya gari uweke chini ya bamba la aluminiamu la milimita 6, ndani weka kipande cha ubao wa plaiwudi na washa pana, kisha funga bolti za chuma kisichoshika kutu. Plastiki hunywea ikibanwa, hivyo kaza tena baada ya safari ya kwanza na ya pili. Waya wa soketi za nyumbani, milimita 2.5, usiutumie: betri ikiwa mita 3 kutoka kwenye mota, kwa ampea 30 unapoteza volti 1.2 njiani na waya unapata moto. Weka wa milimita 10, na fyuzi ya ampea 40 karibu kabisa na ncha ya chanya.

Adui mwingine ni mshipi wa nailoni. Unajisokota nyuma ya propela, unayeyuka kwa msuguano, unakata sili inayozuia maji, na maji yanaingia kwenye mota bila wewe kujua. Kila unaporudi fungua nati, toa propela na pini yake, angalia kwenye shafti, safisha. Beba pini mbili za akiba. Bwawa la Nyumba ya Mungu lina visiki na nyavu za watu, na pini hukatika ili propela na shafti visivunjike.

Duluti ni kaziwa ka hekta 60 hivi, ndani ya hifadhi ya msitu. Kasia linakutosha na ukimya unabaki. Ziwa Jipe lina matete mengi yanayosonga propela. Nyumba ya Mungu ndiko mota ya umeme inakolipa, kwa sababu upepo wa mchana ukikukuta upande wa pili, kurudi kwa kasia ni kazi ya masaa, tena kwenye maji yenye viboko na mamba. Hata huko tumia theluthi moja ya umeme kwenda, theluthi ya pili kurudi, na ya tatu usiiguse. Kasia libaki limefungwa ubavuni, jaketi la kuokolea likae mwilini, na kabla ya kushusha chombo majini mwulize afisa uvuvi kuhusu leseni ya chombo hicho, maana Sheria ya Uvuvi ya 2003 haibagui chombo kwa udogo.